Mshushe au Ishushe

Nilirudi likizo nikaikuta bendi yetu inaumwa ugonjwa usio na jina. Kwa nje ilionekana nzima. Ngoma zilikuwepo, magitaa yalikuwepo, na wanabendi wote walikuwa hai, jambo nililolithibitisha kwa kumfinya Dereva mkononi. Lakini Baba na Shangazi, yaani kiongozi wa bendi na mwimbaji wake, ndugu wa tumbo moja, walikuwa hawasemeshani.

Kutosemeshana kwao kulikuwa na heshima zake zote, kama ibada. Walifika mazoezini kwa wakati, wakasimama karibu kiasi cha kukanyagana, kisha wakazungumza kupitia kwangu. Shangazi alisema, "Kiranja, mwambie baba yako ubeti wa pili anaukimbiza." Nikageuza shingo nikamwambia Baba kwamba ubeti wa pili anaukimbiza. Baba, ambaye masikio yake ni mazima na alikuwa amesikia kila kitu, aliutafakari ujumbe huo kana kwamba umevuka mipaka ya nchi, akanituma nikaseme amesikia. Nikageuza shingo tena. Hadi mazoezi yanakwisha nilikuwa na shingo ya bundi.

Hilo jina la Kiranja nilipewa na Dereva kwa kejeli. Shuleni kwetu, shule ya bweni yenye ukuta mrefu na kengele nyingi kuliko vitabu, sijawahi kuwa kiranja wa kitu chochote, hata wa ndoo. Viranja nawafahamu kwa upande mwingine tu, ule wa kuitwa mbele.

Bendi yenyewe ni ndogo. Baba anapiga gitaa la solo, na siku za kazi anatengeneza majokofu. Mazoezi yetu hufanyika Jumapili alasiri ndani ya karakana yake, katikati ya majokofu yaliyopasuliwa matumbo. Kabla hatujaanza, yale yaliyo kwenye majaribio lazima yazimwe, maana kila moja linavuma kwa sauti yake na hakuna hata moja linalojua muziki. Dereva ni dereva kweli, wa lori la mchanga, na ndiye mpiga ngoma. Hupiga kama mtu anayeshuka mlima huku akiomba breki zishike. Kwenye besi yuko Kimya, kinyozi, ambaye maneno yake yote huyamaliza kwa wateja, kwetu anakuja kupumzika. Mimi napiga kinanda shule ikifungwa. Fundi Mitambo hukaa nyuma kabisa, kwenye meza ya sauti yenye vitufe vya kuteleza, akimwongeza huyu na kumpunguza yule. Na mbele yetu wote, ametupa mgongo, yupo Shangazi, mkatisha tiketi wa kituo cha mabasi ya safari ndefu, mwenye sauti inayoweza kumwita abiria aliyelala nyumbani kwake akafika na mizigo.

Ningeuacha ugonjwa huo ujiponee wenyewe, maana uliniburudisha, kama Shangazi asingekuwa ametoa tangazo. Alikuwa amemwahidi Matroni wa hospitali, aliyekuwa anastaafu, kwamba ataimba kwenye hafla ya kumuaga. Ahadi kwa Matroni haivunjwi. Nusu ya ukoo wetu, mimi nikiwemo, tulipokelewa duniani na mikono yake na kukaribishwa kwa kofi. Basi Shangazi alisema ataimba siku hiyo, ataimba na ule wimbo Matroni anaoupenda, kisha ndiyo mwisho. Baba yangu atafute mwimbaji anayemfaa. Neno "anayemfaa" alilitamka akilitazama jokofu.

Baba alijibu, "Sawa." Baba ni mtu wa neno moja. Anaongoza bendi kwa maneno ambayo mtu angeweza kuyaandika kwenye kucha: anza, tena, shusha, panda, basi. Hiyo "sawa" niliitafsiri kadiri ya uwezo wangu, lakini niliona mkono wake ukikaza funguo za gitaa ambazo tayari zilikuwa zimekaza.

Zamani, mazoezi yakiisha, Shangazi alikuwa akija nyumbani kula nasi, akikaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha na kumpinga Baba kwa kila kitu, kuanzia siasa hadi namna ya kumenya kitunguu. Sasa alikuwa akienda kwake moja kwa moja. Mama alifunika sahani yake na kunituma niipeleke. Sahani ilirudi ikiwa safi, imeoshwa, bila neno. Kwa wanaojua familia yetu, sahani kurudi bila neno ni msiba.

Niliunda tume ya uchunguzi. Mwenyekiti mimi, katibu mimi, mtunza nidhamu hakupatikana. Dereva alihojiwa akasema wakubwa wakinuna yeye hupiga ngoma, wakipatana hupiga ngoma. Kimya aliinua mabega, nikayapokea kama ushahidi wa maandishi. Fundi Mitambo alisema mambo yaliharibika tangu onyesho la chuo cha ualimu, na hajui kwa nini, maana lilikuwa zuri kabisa. Maiki ya Shangazi ilipiga mluzi mara moja tu, ikatibiwa papo hapo.

Nikaenda kituo cha mabasi kumhoji mhusika. Shangazi alikuwa ndani ya kibanda chake cha kioo, foleni imejipinda hadi kwenye mabenchi. Alinieleza kidogo kidogo, kati ya abiria mmoja na mwingine, na wote waliokuwa karibu waliacha kuzungumza ili wasikose kitu. Siku ile, alisema, akiwa katikati ya wimbo, spika ndogo iliyo miguuni mwake ilimletea sauti ya mdogo wake, mtoto aliyembeba mgongoni mwenyewe, akimwamuru Fundi Mitambo: "Mshushe! Mshushe huyo!" Mbele ya ukumbi mzima. Alimaliza wimbo kwa heshima zake, akachukua mkoba, akarudi nyumbani kwa miguu na viatu vya jukwaani. Na hapa kituoni, aliongeza akigonga mhuri, neno hilo lina maana moja tu. Ni abiria asiye na tiketi.

Nilipumua. Kesi ilikuwa imekwisha. Nikamwambia Shangazi kwamba Baba alimaanisha sauti. Maiki ilikuwa inapiga mluzi, akataka sauti ishushwe, basi.

Shangazi aliweka mhuri chini.

"Wewe ndiye tunayekusomesha," alisema. "Sauti iko ngeli gani?"

"I-ZI," nilijibu.

"Na mimi je?"

"A-WA, Shangazi."

"Baba yako alisema 'ishushe'?"

Nilianza kuusoma mhuri wake kichwa chini.

"Alisema 'mshushe'. Kaa pembeni, watu wanasafiri."

Mwanamume mmoja kwenye foleni alitikisa kichwa kuniunga mkono katika majonzi yangu, akasema mama huyo ana hoja. Nimewahi kupoteza alama nyingi sana kwa ajili ya ngeli, lakini sikujua kama zinaweza kumpotezea mtu na shangazi.

Jioni nilimkuta Baba ameingiza kichwa ndani ya jokofu la duka moja la nyama. Nikamuuliza kama anajua Shangazi amenunia nini. Kisha akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, akasema, "Wimbo." Nikamwambia si wimbo, ni neno "mshushe" alilolitamka kule chuoni. Akanitazama kwa huruma, kama ananisikitikia ada ya shule. Neno hilo analisema kila siku, alisema. Mtu mzima hawezi kununa kwa ajili ya neno moja. Akarudisha kichwa ndani ya jokofu, na tume ikaahirishwa.

Mwalimu wetu wa sayansi hufundisha kwamba jambo lisiloaminika kwa maneno lifanyiwe jaribio. Yeye huwa anazungumzia chumvi na maji. Mimi niliamua kumfanyia Shangazi.

Ili mnielewe, jueni udhaifu wa Fundi Mitambo. Hawezi kuvumilia mluzi asioujua chanzo chake. Wengine wakisikia maiki inalia huziba masikio, yeye huinuka na kuufuata mlio huo kama mbwa aliyesikia harufu ya mfupa. Nilichukua simu ya zamani ya Mama, nikarekodi mluzi mmoja mwembamba, mbaya, wa kuingia kwenye meno. Nikaitegesha ilie katikati ya mazoezi, nikaizungushia kitambaa na kuifungia ndani ya jokofu refu lililo kona ya mwisho. Jokofu lina ukingo wa mpira mlangoni. Sauti ikitoka humo haijulikani imetokea wapi. Ni kama dhamiri.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya hafla ya Matroni. Tulifika mahali ambapo Baba hupiga gitaa peke yake kwa muda mrefu huku amefumba macho, na mwimbaji hana kazi ila kuyumba kidogo. Mluzi ukaanza. Fundi Mitambo akainua kichwa. Akagusa kitufe hiki, akagusa kile, mluzi ukaendelea. Akainuka. Akafungua jokofu la kwanza, akasikiliza ndani, akalifunga taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Akahamia la pili.

"Mpandishe Kimya!" Baba aliagiza, macho yamefumbwa. Hakuna kilichopanda. "Mpandishe Kimya, jamani."

Nikamwinamia Shangazi. "Shangazi, pale mezani hakuna mtu."

Akageuka. Mikono yake ilikuwa mitupu, na yeye ni mtu ambaye hawezi kuona dirisha lina foleni na ndani hakuna mhudumu. Akatembea hadi nyuma, akakaa kwenye meza ambayo hakuwahi kuwa na sababu ya kuikaribia, kwa kuwa miaka yote yeye huwa mbele na meza huwa nyuma. Chini ya kila kitufe kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe chenye mwandiko wa Fundi Mitambo. KIMYA. DEREVA. KIRANJA. BOSI. Na cha mwisho, DADA.

Alisukuma KIMYA juu. Besi ikajaa karakana nzima. Kimya mwenyewe alibaki pale pale aliposimama, hakupanda juu ya kitu chochote.

"Mshushe Dereva!" alisema Baba.

Shangazi alitafuta DEREVA, akamvuta chini. Ngoma zikapungua. Dereva aliendelea kuketi kwenye kiti chake, anatoka jasho, hajashushwa na mtu.

"Mshushe na huyo Kiranja!" Hili naona lilikuwa la kunionea, lakini nililikubali kwa ajili ya sayansi.

Nilimwona Shangazi akimtazama Dereva, kisha kitufe, kisha Dereva tena. Kidole chake kikaenda kwenye ile plasta ya mwisho, DADA, kikatulia juu yake. Kisha kikahama. Kikashika BOSI, kikamvuta polepole, polepole, hadi chini kabisa.

Gitaa la Baba likatoweka. Vidole vilikimbia kwenye nyaya, uso wake umekunjwa kwa uchungu wa utamu, na kilichosikika kutoka kwake kilikuwa tiki-tiki ya kucha tu. Aliendelea hivyo kwa muda. Nadhani alifikiri dunia imenyamaza kwa kumstaajabia. Mwishowe akafumbua macho, na sisi tukaacha mmoja mmoja, Dereva wa mwisho kama kawaida yake.

"Nimekushusha," alisema Shangazi. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia moja kwa moja tangu chuoni. "Lakini naona umesimama hapo hapo."

Baba alimtazama, halafu akanitazama mimi, kwa mazoea, nipeleke jibu. Nilitazama dari. Shingo yangu ilikuwa imegoma.

Ikabidi ajibu mwenyewe. Alisema Dada, hapo mezani sisi wote tunapanda na kushuka. Kimya anapandishwa kila Jumapili na hajawahi kufika popote. Kimya akaitikia kwa kichwa. Kwa Baba hiyo ilikuwa hotuba. Shangazi akasema angeweza kusema "ishushe", ikagharimu nini? Baba akakubali kwamba ni kweli, isingegharimu kitu. Dereva ndiye aliyeanza kucheka, kisha Shangazi, ambaye akicheka hucheka na mabega na kiti, na mimi nilikuwa tayari najipanga kuinama kupokea makofi.

Hapo Baba, kwa kufarijika, alifanya kosa la mtu asiyezoea kuzungumza. Aliendelea.

"Mimi nilidhani umenuna kwa sababu ya wimbo."

"Wimbo gani?"

Kimya alianza kufuta nyaya za besi ambazo hazikuwa na vumbi. Ndipo nikakumbuka kichwa kilichokuwa ndani ya jokofu, na lile jibu ambalo mwenyekiti wa tume alilidharau.

Baba alieleza kwa vipande, kama anayetoa mwiba. Wimbo wa Matroni ulikuwa unapanda sana kwenye kiitikio. Mwanzoni mwa mwaka walimwona Shangazi akihangaika kule juu, mishipa ya shingo imesimama. Basi Baba akaushusha ufunguo wa wimbo kidogo, yaani wakaanza kuupiga chini zaidi kuliko ulivyotungwa, na akawaambia wenzake wasimwambie. Baadaye wakaushusha tena. Mimi niliporudi likizo niliambiwa umeshushwa kwa ajili ya gitaa, nikaamini, kwa sababu nawaamini watu wazima wakizungumzia kazi zao.

Shangazi alikuwa ameacha kucheka. Alisema alifikiri koo lake limepona. Kila asubuhi alikuwa akinywa maji ya moto yenye tangawizi, na alipoona kiitikio kimekuwa chepesi aliwaambia wanawake wote wa kituoni habari za hiyo tangawizi.

"Nimewanywesha watu tangawizi," alisema taratibu.

Ilikuwa sentensi ya kuchekesha, na hakuna aliyethubutu.

"Ile ya maiki nimeisamehe," aliendelea. "Lakini hili mmelifanya nyuma ya mgongo wangu, na mgongo wangu ndio mnaoutazama kila Jumapili."

Akachukua mkoba wake. Mimi, mwanasayansi, niliona jaribio langu linaunguza maabara. Nilikuwa nimekwenda kutoa kibanzi nikakuta mkuki. Baba aliweka gitaa chini. Hakwenda mlangoni kumzuia. Alikwenda kusimama karibu naye, kama mtoto aliyeitwa.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini?"

"Nikikwambia hufiki kule juu, utaacha. Nikaona heri nipoteze ufunguo kuliko nikupoteze wewe."

"Na sasa?"

"Sasa unaacha kwa sababu sikukwambia."

Shangazi aliufungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Hakuna alichokuwa akitafuta humo. Mwishowe akautundika kwenye mpini wa jokofu.

"Pigeni kule ulikokuwa zamani," alisema.

Tukapiga juu, kwenye ufunguo wa asili. Ubeti ulipita salama. Kwenye kiitikio sauti yake ilinyanyuka kama mtu anayesimamia vidole kufikia kopo kwenye rafu ya juu. Akaligusa, kopo likaanguka. Sauti ilipasuka mbele yetu sote. Fundi Mitambo, aliyekuwa ameshaipata simu, alisimama katikati ya majokofu ameishika mkononi.

Shangazi hakujificha. Alisema sawa, huko haendi tena, kwa sauti ile ile anayowaambia abiria kuwa basi limejaa. Kisha akataka tupige pale chini tulipokuwa tumemficha. Tukapiga. Akaimba ubeti mmoja, akainua mkono.

"Mnasikia? Huku naimba kama niko kisimani. Maneno ya mwanzo yote yanamezwa. Mngeniuliza ningewaambia."

Na ilikuwa kweli. Wao walikuwa wakisikia maneno yanafifia wakadhani ni majonzi ya wimbo. Shangazi alikuja kusimama karibu na kinanda changu. Akaniambia nipande kidogo. Nikapanda. Kidogo tena. Akajaribu, akatikisa kichwa, akanirudisha. "Hapo. Usiguse kitu." Akaanza kuimba, na sauti yake ikakaa kwenye wimbo kama kifuniko kwenye sufuria yake. Hapakuwa pale alipokuwa akiimba akiwa kijana, wala pale walipomshusha. Palikuwa mahali ambapo wasingepafahamu kamwe bila kumuuliza mwenyewe.

Mambo mengine yalijitokeza yenyewe. Ilikubaliwa kwamba mtu akisema "shusha" ataje anashusha nini. Hapo Dereva akakiri kuwa kwa mtu wa lori "shusha" ni gia, ndiyo maana miaka yote Baba akisema shusha yeye hupunguza mwendo. Baba alimtazama kwa mshangao. Alikuwa akiamini kwamba Dereva hupunguza mwendo kwa sababu ya hisia. Halafu, bila kuulizwa na mtu, Kimya akasema hajawahi kuupenda mwisho wa wimbo ule. Tukageuka sote. Shangazi akamuuliza tangu lini. "Tangu tuutunge," alisema Kimya. Tukaurekebisha mwisho wa wimbo, ukawa mzuri zaidi, na tukabaki kujiuliza ni nini kingine kimelala ndani ya yule mtu.

Simu ya Mama ilipofikishwa mbele ya baraza, nilihukumiwa kusugua mipira ya milango ya majokofu yote. Shangazi alisimama kunitetea. Alisema adhabu hiyo haitoshi, niongezewe na rafu.

Jambo moja tu halikuguswa. Shangazi hakusema kama ataendelea nasi baada ya Matroni, na Baba hakuuliza. Jumapili hiyo alikuja kula nyumbani, akakaa karibu na dirisha, lakini kila Baba alipofungua mdomo alimalizia kwa kuomba chumvi. Hata mimi, ambaye huuliza yasiyoulizika, niliogopa kugusa.

Hafla ilifanyika katika ukumbi wa hospitali, wenye viti vya chuma na harufu ya dawa ya sakafu. Wauguzi walikaa na sare zao, wengine pembeni ya mlango, tayari kuitwa wodini. Matroni alikuwa kiti cha mbele, amevaa gauni badala ya sare, na alionekana kama hajui mikono yake aiweke wapi. Tulipoanza wimbo wake aliiweka shavuni.

Shangazi aliimba ubeti wa kwanza, na kila neno lilitoka. Aliimba wa pili, Baba hakuukimbiza. Tulipokaribia kiitikio cha mwisho, Shangazi alifanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: aliwapa watazamaji mgongo, akatutazama sisi.

"Pandisheni," alisema.

Zamani hapo ndipo ajali ingetokea. Dereva angepandisha mwendo, Fundi Mitambo angepandisha sauti, Kimya angemezwa, tungetoka barabarani sote na Matroni wetu. Lakini tuliendelea kuzunguka pale pale, kila mmoja akisubiri. Baba akasogea kwenye maiki yake, akasahau kuwa inafanya kazi, na ukumbi mzima ukamsikia akiuliza:

"Tupandishe nini, Dada?"

Watu wakacheka. Shangazi naye akajibia kwenye maiki, kwa kuwa siri haikuwepo tena.

"Ufunguo. Nusu hatua tu, msinipeleke mbinguni. Leo koo limeamka vizuri."

Wauguzi wakapiga makofi. Baba akamtikisia kichwa Kimya, akanitikisia mimi, Dereva akazungusha ngoma zote, tukapanda pamoja. Shangazi akaenda nasi. Kule kileleni sauti ilitetemeka pembeni kidogo, na nilimwona Baba akikaza meno, lakini Shangazi hakulificha lile tetemeko wala hakulikimbia. Aliishikilia sauti. Matroni alikuwa amesimama, ngumi zimekunjwa, na kwa mazoea ya kazi ya maisha yake yote akapaza sauti, "Sukuma, mama, sukuma!" Shangazi akasukuma. Ikatoka.

Sikumbuki nani alianza kushangilia. Nakumbuka Shangazi akifuta uso kwa kiganja, anahema, akimwinamia Baba huku kelele zikiendelea.

"Usizoee," alimwambia. "Wiki ijayo huenda hata hiyo nusu nisiiweze."

Vidole vya Baba vilisimama juu ya nyaya. Kimya, upande wa pili, aliinua kichwa. Nami nilikuwa nimesikia: wiki ijayo.

"Utaniambia," alisema Baba.

"Nitakwambia. Na wewe uniambie."

Baba akafungua mdomo ajibu, na kwa uso aliokuwa nao naamini jibu lingekuwa refu, lakini Dereva alikuwa ameshaanza wimbo unaofuata bila kumsubiri mtu, ikabidi tumkimbilie.